Alisema Ijumaa

Simu ilimkuta Murray Tolhurst amepiga magoti katika chumba cha chini cha nyumba ya watu, mikono imejaa masizi, akihangaika na mtambo wa kupasha joto uliokuwa umegoma tangu jana yake. Ilikuwa Januari ya mwaka 2018, na baridi ya Hamilton, Kanada, ilikuwa ile inayouma mpaka mizizi ya meno. Siku kama hizo fundi kama yeye hana hata nafasi ya kujikuna. Akaibana simu kati ya shavu na bega.

"Samahani, naongea na Bwana Tolhurst? Yule wa Simu za Karatasi?"

Murray akaweka bisibisi chini. Jina hilo alikuwa hajatajiwa na mtu kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe hakuwa na mazoea ya kulitaja. Mkewe alilijua, basi. Wateja walimjua kama Murray wa mitambo.

"Ilikuwa zamani hiyo, dada," alisema.

"Ndiyo maana napiga! Naitwa Anjali Rebello, natangaza kwenye redio ya mtaa, kipindi cha Jumamosi mchana. Mama yangu aliupenda ule wimbo wenu mpaka akachakaza kanda mbili. Sasa tunataka kuwakumbuka. Tutakaa maktaba, tuusikilize, mtusimulie. Bwana Wolanski ameshakubali. Yeye ndiye kanipa namba yako."

"Stefan?"

"Ndiyo. Tena kanituma nikuambie usilete maringo."

Murray alicheka, maana kila aliyemjua Stefan Wolanski alicheka akisikia maneno yake. Akasema atakuja. Alipokata simu alibaki amepiga magoti vilevile, akiutazama mtambo kama mtu asiyejua ni wa kazi gani, mpaka mwenye nyumba akateremka kuuliza kama kuna tatizo.

Simu za Karatasi walikuwa vijana wanne wa mashariki ya mji, upande wa viwanda vya chuma, kule ambako shuka ikianikwa asubuhi huanuliwa jioni ina vumbi jekundu. Kirby Delorme aliimba na kupiga gitaa, Wendell Oakes alipiga besi, Murray alikuwa kwenye kinanda cha umeme, na Stefan kwenye ngoma. Ulikuwa wakati wa ule muziki ulioitwa wimbi jipya: vinanda vinalia kama king'ora, wanaume wamejipaka wanja, nywele zimesimamishwa kwa dawa, mabega ya koti mapana kama mlango. Mwaka 1983 walitoa "Mtaa wa Zebaki". Wimbo ukapanda mpaka nafasi ya nne nchi nzima, ukakaa juu wiki sita, ukashuka. Wa pili haukufika popote. Miaka miwili baadaye bendi ilikuwa imekwisha. Wendell alifariki kabla ya kutimiza hamsini, Kirby akahamia Vancouver kuuza nyumba. Siku hizi ukiutaja wimbo watu hukunja uso kwanza. Ukiwapigia mluzi ule mlio wa kinanda wa mwanzo ndipo husema, "Aaa, huo! Kumbe walikuwa wa hapa?"

Walikuwa wa hapa, na aliyewalea ni mwanamke mmoja. Halina Wolanska, mama yake Stefan, alikuwa mjane aliyetoka Poland na mtoto mgongoni, akashona nguo za watu mpaka akapata nyumba nyembamba karibu na reli. Kwa misimu mitatu ya baridi wavulana walifanyia mazoezi chini ya nyumba hiyo, huku juu sahani zikigongana kabatini. Jirani akija kulalamika, Halina alimtolea macho na kumwambia kwamba kelele za kiwanda ni kubwa zaidi na hazina hata tuni. Murray, ambaye kwao chakula cha jioni kilikuwa cha kopo na ugomvi, alikuwa akila meza moja na Stefan tangu wana miaka tisa. Alimwita Halina mama, na hakuna aliyeona ajabu.

Kiingereza cha Halina kilikuwa cha kuokoteza. Alisema kesho akimaanisha jana, alisema kaka akimaanisha dada. Wavulana walimtania sana.

"Mama, umeniita dada tena," Wendell angesema.

"Na hizo nywele? Nikuite nani?" angejibu, na wote wangeanguka kwa kicheko.

Basi wimbo ulipoanza kusikika redioni, akatokea meneja kutoka Toronto, mtu mmoja jina lake Dunstan Sayle, mwenye viatu vyeupe hata siku za tope. Aliwaambia kwamba wakati wa redio umepita. Sasa watu wanataka kuona. Wimbo utapigwa picha studio, uonyeshwe kwenye televisheni, na hapo ndipo watakapotoka au kuzama. Siku alipowaita mgahawani Stefan hakuwepo, alikuwa zamu kiwandani.

"Yule mpiga ngoma hapana," Sayle alisema huku akikoroga kahawa.

"Hapana vipi?" aliuliza Wendell. "Ngoma zote za kwenye rekodi ni zake."

"Zibaki zake, nani kamkatalia? Ila televisheni haina masikio, ina macho. Mmemtazama yule kijana? Kwanza amejaa. Pili ile ngozi yake." Sayle akajipitishia mkono shavuni. Kila baridi ikiingia mashavu na shingo ya Stefan vilikuwa vyekundu, vikibanduka magamba, na hakuna dawa ya mama wala ya daktari iliyofua dafu. "Sura ile haiuziki. Nina kijana, mrefu, mashavu yamebonyea vizuri. Atashika vijiti, atajifanya anapiga. Nani atajua?"

Kirby alitazama dirishani. Wendell akasema kwa sauti ya chini kwamba hilo si sawa, kisha akainamia kikombe chake.

"Mwambie wewe," Sayle akamgeukia Murray. "Wewe si ndugu yake?"

Murray angeweza kukataa. Katika miaka yote iliyofuata alijiambia kwamba alikuwa mtoto, ana miaka ishirini na miwili, hajui dunia. Lakini alijua pia kilichompitia moyoni pale mgahawani. Kilikuwa ni shukrani. Alishukuru kwamba si yeye aliyeonekana ana sura mbaya.

Alipiga simu Jumatatu mchana. Aliomba Mungu apokee Stefan. Akapokea Halina.

"Murray! Suti imekwisha!" Alikuwa amemshonea Stefan suti ya kijivu yenye mabega mapana, kwa kuangalia picha za gazetini. "Nimeweka kitambaa cha ndani cha bluu. Hakuna mtu ataona, ila yeye atajua. Sasa niambie, ni siku gani?"

Siku ilikuwa Jumatano. Murray alifungua mdomo aseme kwamba anataka kuongea na Stefan mwenyewe. Badala yake akasikia sauti yake ikisema, "Ijumaa, mama. Ijumaa asubuhi, saa nne."

"Ijumaa," Halina akarudia polepole, kama mtu anayeandika. "Saa nne. Nitamwambia."

Hakuwa amepanga. Alitaka tu kujinunulia siku mbili tatu, apate maneno mazuri. Jumanne hakuyapata. Jumatano alikwenda Toronto akasimama nyuma ya kinanda chake, taa zikimpiga usoni, na kando yake kijana mrefu mwenye mashavu yaliyobonyea akarusha vijiti hewani huku ngoma za Stefan zikitoka kwenye spika. Alhamisi alijifungia chumbani kwake akasema anaumwa. Na Ijumaa, kama saa nane za mchana, mlango ukagongwa.

Stefan alikuwa amevaa suti ya kijivu. Theluji imemlowesha mabega, na mkononi ana boksi la chakula ambalo mama yake alimfungia kwa ajili ya bendi nzima. Alikuwa amepanda basi la alfajiri. Studio aliwakuta watu wanapiga picha tangazo la dawa ya meno.

"Murray, nimeharibu," alisema. "Ilikuwa Jumatano. Mlinzi kaniambia. Mama kasikia Ijumaa, unamjua mama na siku zake. Nisamehe, ndugu yangu. Mlinisubiri sana?"

Hapo ndipo penyewe. Mlango uko wazi, rafiki yake amesimama mbele yake, na ukweli ulihitaji maneno matatu tu. Murray akasema, "Haya hutokea, bwana. Ilibidi watafute mtu."

Stefan akaitikia kwa kichwa, akamkabidhi lile boksi, akaondoka.

Jioni hiyo Murray alipita karibu na nyumba ya reli. Hakuingia. Alisikia akiwa barabarani, Stefan anapiga kelele kwa Kipolandi, yeye ambaye hajawahi kumpandishia mama yake sauti. Kisha ikaja sauti ya Halina, imekuwa ndogo, kwa Kiingereza chake kibovu, kama anayejiadhibu kwa kukitumia: "Labda alisema Jumatano. Labda. Mimi mjinga."

Tangu siku hiyo Halina Wolanska hakugusa tena simu. Ililia, akaiacha ilie. Alijiandikisha darasa la Kiingereza kanisani, yeye na umri wake, akakaa pamoja na wasichana waliofika jana. Stefan alieleza hayo kama kichekesho, na Murray akajifunza kucheka.

Kwa kuwa watu walishaizoea sura ya kwenye video, jukwaani pia alipandishwa yule kijana wa mashavu, lakini hakujua kupiga ngoma, na hilo likaonekana mara moja. Waliwazomea Ottawa, wakawazomea London ya Ontario, na mambo yakaishia hapo. Stefan alibaki kiwandani mpaka walipopunguza watu, kisha akawa dereva wa basi la shule. Hakuwa na kinyongo na mtu. Murray alipomuoa Colette mwaka 1988, Stefan ndiye aliyesimama naye, na kwenye hotuba akasema, "Mshukuruni Mungu kwamba kadi ya leo ilikuja kwa maandishi. Ingekuwa kwa simu, mama angenileta keshokutwa." Ukumbi mzima ulicheka. Halina alicheka akiwa amejifunika mdomo kwa leso. Murray aliona macho yake juu ya ile leso, na baada ya harusi hiyo alianza kuwakwepa. Mwaliko wa Krismasi, kazi nyingi. Siku ya kuzaliwa, mgongo unauma. Mwishowe wakaacha kumwalika. Alipata kusikia kwa mtu kwamba Stefan anaamini Murray bado ana hasira naye kwa kuikosa ile Jumatano. Na hilo pia aliliacha likae.

Siku ya maktaba watu sitini hivi walijitokeza, wengi vichwa vimeingia mvi, wengine wamevaa koti zao za zamani ambazo hazifungi tena. Anjali alikuwa msichana mwenye miwani mikubwa na furaha isiyojificha. Aliweka viti viwili mbele na kipaza sauti kimoja. Stefan alifika amemshika mama yake kwapa, Halina akisukuma kigari chake cha kutembelea, miaka themanini na saba, mdogo kama ndege.

"Mzee wa mitambo!" Stefan alipaza sauti akimwona Murray. "Umezeeka vibaya, bwana. Mimi angalau nilianza nikiwa mbaya, sijapoteza kitu."

Wakakumbatiana. Stefan alinukia sabuni ya magadi, ileile ya utotoni. Murray aliona shavu lake limepona, limebaki na makovu tu.

Wakausikiliza wimbo. Dakika tatu na nusu. Watu walifumba macho, mama mmoja nyuma akalia wazi bila haya. Murray alisikia kinanda chake mwenyewe kikianza, chembamba, cha kitoto, kisha zikaingia ngoma, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akasikia jinsi zilivyokuwa nzuri. Wimbo wote ulikuwa umebebwa na zile ngoma.

"Bwana Wolanski," Anjali alisema, "lakini kwenye ile video si wewe."

"Si mimi," Stefan akajibu, na Murray akajua kinachokuja. "Sasa sikilizeni. Mama yangu huyu hapa, msimwone mpole. Yeye ndiye aliyevunja Simu za Karatasi. Murray alipiga simu akasema Jumatano. Mama akasikia Ijumaa! Nikaenda Toronto na suti mpya na boksi la chakula, nikakuta watu wanapiga mswaki!"

Watu walivunjika mbavu. Anjali alicheka mpaka miwani ikamteleza. Halina alicheka na leso mdomoni. Kisha Stefan akamsogezea Murray kipaza sauti. "Sema mwenyewe. Si ulisema Jumatano?"

Sitini wanamtazama. Murray akakishika.

"Ilikuwa zamani," alisema, akacheka. "Ilikuwa zamani sana."

Wakapiga makofi.

Baadaye watu wakinywa kahawa na kula donati, Halina alimjia, akisukuma kigari chake hatua kwa hatua katikati ya viti. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kiingereza chake sasa kilikuwa kimenyooka, kila neno limewekwa mahali pake.

"Murray. Nilitaka kukuambia miaka mingi, lakini ukawa huji. Nisamehe kwa ile simu. Niliharibu maisha ya mwanangu, na yako pia. Nyinyi mlikuwa watoto wazuri. Nisamehe kabla sijafa."

"Haina neno, mama," Murray alisema. "Yameisha."

Akasikia maneno hayo yakimtoka. Alikuwa amemsamehe. Alisimama pale, amemshika mkono mwanamke aliyemlisha, na akamsamehe kosa ambalo yeye ndiye aliyelitenda. Halina akamshukuru. Akampiga busu mkononi, kwenye kidole chenye kovu la moto wa kazi.

Murray alitoka bila koti. Colette, aliyekuwa amekuja naye, alimkuta kwenye gari, paji la uso limeegemea usukani, na alipomuuliza ana nini, akamwambia yote pale pale, injini ikiwa imezimwa na vioo vikiganda kwa pumzi zao. Colette alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke wa kusema anachowaza, lakini kwanza alipangusa kioo cha upande wake kwa kiganja.

"Kwenye harusi yetu," alisema hatimaye. "Mimi nilicheka. Nilimtazama yule mama usoni nikacheka."

"Hukujua."

"Wewe ulijua. Ukaniacha nicheke." Akafunga mkanda. "Usiniombe mimi ushauri, Murray. Unajua nyumba ilipo."

Alikwenda kesho yake, Jumapili, baada ya misa. Stefan na mama yake walikuwa jikoni. Stefan alimfungulia akiwa na taulo begani, akafurahi, akaanza mzaha, akauacha katikati alipouona uso wake.

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Nina neno la kusema. Mama naye asikie."

Hakukaa ingawa alivutiwa kiti. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, jinsi Sayle alivyombana, jinsi alivyokuwa mtoto. Alipomwona Halina ameacha kijiko na kumgeukia, yote yakamtoka kichwani.

"Sikusema Jumatano," alisema. "Nilisema Ijumaa. Mama alisikia sawasawa. Sayle hakutaka Stefan aonekane kwenye picha kwa sababu ya sura yake, akanituma nimwambie, nikaogopa. Nikasema Ijumaa. Halafu nikanyamaza."

Sufuria ilikuwa ikitokota jikoni. Stefan alikuwa bado na taulo begani.

"Sema tena," Halina alisema.

"Nilisema Ijumaa, mama."

"Tena."

"Nilisema Ijumaa. Saa nne asubuhi."

Halina alimgeukia mwanawe. Hakulia. Uso wake ulikuwa umenyooka kama wa mtu aliyeitwa jina lake halisi. Akasema neno moja kwa Kipolandi, na Murray alikuwa amekula pale vya kutosha kulijua: Umesikia?

Stefan alikaa chini. Alijifuta uso kwa taulo, akajifuta tena. Aliposema, mzaha wote ulikuwa umemtoka, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye Murray hakumjua.

"Ungeniambia tu nina sura mbaya. Nilikuwa na kioo nyumbani, bwana. Hilo ningelimeza. Lakini mama?" Akanyoosha mkono kumwonyesha. "Nimemfanya kichekesho miaka thelathini na mitano. Kila harusi. Kila Krismasi. Jana tu, mbele ya watu. Na wewe umekaa kando yangu unacheka."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeweza kucheka."

Halina akaushika ukingo wa meza, akainuka.

"Jana uliniambia umenisamehe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Usiniite hivyo leo. Toka nyumbani kwangu."

Akatoka. Stefan alimfuata mpaka barazani, na kwa muda Murray alidhani atapigwa, hata akatamani. Stefan alisema tu, "Utakwenda kwa yule binti wa redio. Waliomcheka wasikie. Usiponitaja mimi sawa, lakini yeye umtaje kwa jina lake lote."

Jumamosi iliyofuata, mchana, Murray aliketi mbele ya kipaza sauti katika chumba kidogo chenye mazulia ukutani. Anjali alikuwa ameambiwa, na furaha yake haikuwepo. Alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Murray akasema, bila kupamba, kwamba Bi Halina Wolanska hakukosea siku. Kwamba alisikia alichoambiwa, akakifikisha kama alivyoambiwa, na aliyedanganya ni yeye, Murray Tolhurst, mpiga kinanda. Akasema pia nani alipiga zile ngoma. Hakusema kwamba alikuwa mtoto. Mahali pamoja tu, kwenye lile neno la kwamba alimsamehe, ilibidi aanze sentensi upya, na Anjali hakuweka muziki.

Watu walisikia. Hamilton ni mji mkubwa kwa mgeni, kwa mwenyeji ni kijiji. Mteja mmoja wa siku nyingi akampigia kumwambia amepata fundi mwingine. Kwenye duka la kahawa walikomzoea walimpa kikombe chake bila salamu. Mwanamke asiyemjua alimsimamisha njiani, akamtazama, akasema, "Yule alikuwa mama wa mtu," akaenda zake. Nyumbani Colette aliongea naye mambo ya nyumba tu kwa karibu mwezi mzima, kisha siku moja akamuuliza kama zile ngoma kweli zilikuwa nzuri kiasi hicho. Wakausikiliza wimbo pamoja, na Colette akasema zilikuwa nzuri kuliko alivyodhani. Murray alikuwa na aibu kila siku. Kitu kilichobadilika ni kwamba sasa hakuwa akiifanyia kazi ya kuificha, na alishangaa jinsi kazi ile ilivyokuwa ikimchosha.

Kwa Stefan hakuna habari iliyokuja. Februari ikapita, Machi ikapita. Mwisho wa Aprili, theluji imeyeyuka na mji umejaa matope, Murray alimwona nje ya duka la mbao akipigana na mbao ndefu juu ya gari lake, upande mmoja ukipanda upande wa pili ukiteleza. Alitaka kugeuza. Stefan akawa ameshamwona.

"Usisimame kama mlingoti," Stefan alisema. "Vuta kamba upande wako."

Murray akavuta. Wakafunga fundo, kila mtu upande wake, bila kutazamana.

"Uzio wa mama umeanguka na upepo," Stefan alisema akiwa anakagua fundo. "Peke yangu siwezi kushika mbao na kupiga msumari." Akaikaza kamba. "Sijakusamehe. Tusije tukadanganyana."

"Sikuombi."

"Vizuri. Panda gari."

Walifanya kazi mpaka karibu na machweo, Murray akishika, Stefan akipiga, wakisema maneno ya kazi tu: juu kidogo, hapo hapo, nipe mwingine. Treni ya mizigo ilipita mara mbili wakasubiri kelele ziishe. Walipofika nguzo ya mwisho Murray alihisi anatazamwa. Aliinua kichwa. Halina alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni, mikono kifuani. Walitazamana kwa muda, yeye na yule mwanamke, na Murray hakuthubutu kumpungia wala kuinamisha macho.

Halina akavuta pazia.

"Juu kidogo upande wako," Stefan alisema, na Murray akainua ubao.